Salamanda Mkubwa wa Mito ya Marekani na Watu Wamtunzao

Upande wa mashariki wa Marekani iko safu ndefu ya milima iitwayo Appalachia. Milima hiyo si mirefu kama Kilimanjaro, wala haina theluji ya daima, bali imefunikwa na misitu, na katika mabonde yake hushuka mito mingi ya maji ya baridi yaendayo kasi juu ya mawe. Chini ya mawe makubwa ya mito hiyo hukaa mnyama ambaye wenyeji wengi hawajapata kumwona hata mara moja, ijapokuwa labda wamepita juu ya kichwa chake mara nyingi wakienda kuvua samaki. Mnyama huyo ni salamanda, na watu wa nchi ile humwita helbenda.

Katika Afrika ya Mashariki hakuna salamanda, kwa hiyo yafaa kwanza aelezwe. Salamanda ni jamaa ya chura, lakini ana mkia maisha yake yote. Mtu akimwona kwa mbali atasema ni mjusi au kenge mdogo. Akimkaribia ataona kwamba hana magamba wala kucha, na ngozi yake ni tupu, laini, yenye utelezi kama ya kambare. Yai lake halina ganda gumu. Mtoto wake hutoka majini akiwa na matamvua shingoni ya kupumulia, kama kiluwiluwi. Salamanda wengi wa dunia ni wadogo, waweza kulala katika kiganja cha mkono. Lakini helbenda hukua hata kupita futi mbili, na uzito wake waweza kufika ratili tano. Ndugu zake wa karibu wako mbali sana, katika mito ya Uchina na Ujapani, nao ni wakubwa kumpita, kwani waweza kufika urefu wa futi tano.

Hana uzuri wa kusifiwa. Kichwa chake ni kipana na bapa, kama kitu kilichokanyagwa. Macho yake ni madogo kama punje za mtama. Rangi yake ni ya tope yenye madoa. Na ngozi ya mbavuni imelegea na kukunjamana kama nguo aliyovaa mtu asiyekuwa na mwili wa kuijaza. Watu wamempa majina mengi ya kumcheka. Wengine humwita mbwa wa shetani, wengine humwita fisi-maji wa kamasi, kwa sababu akishikwa hutoa ute mwingi wa kunata. Zamani wavuvi wengi waliamini kwamba ana sumu, tena kwamba humaliza samaki wa mtoni, basi kila walipomvua katika ndoana walimwua. Hayo yote si kweli. Hana sumu ya kumdhuru mtu, na chakula chake hasa ni kamba wa maji baridi wenye magando, ambao huwatafuta usiku na kuwanyonya kinywani kwa ghafula pamoja na maji.

Ile ngozi iliyolegea, ambayo watu huicheka, ndiyo uhai wake. Helbenda ana mapafu, lakini hayatumii kwa kupumua ila kidogo sana. Mtu mzima hana matamvua tena, kwa maana humtoka akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Basi hupumua kwa ngozi. Hewa iliyomo majini hupenya ngozini mwake na kuingia katika vijishipa vya damu vilivyo karibu sana na nje. Yale makunyanzi ya mbavuni huongeza ukubwa wa ngozi, kama vile kitambaa chenye marinda kilivyo kikubwa kuliko kisicho na marinda, na ngozi ikizidi, hewa iingiayo huzidi. Hewa ikipungua majini, mnyama huanza kuyumbisha mwili wake huku na huku, ili maji mapya yapite mbavuni. 

Mtu akikumbuka jambo hilo moja ataelewa karibu kila kitu katika habari za mnyama huyu. Maji ya baridi huchukua hewa nyingi kuliko maji ya moto. Maji yaendayo kasi na kuruka juu ya mawe huvuta hewa nyingi kuliko maji yaliyotuama. Kwa hiyo helbenda hawezi kuhamia ziwani, wala katika bwawa, wala katika mto wenye maji ya uvuguvugu. Tena chochote kilichochanganyika na maji, kama ni tope, au dawa ya kuulia wadudu mashambani, au maji machungu yatokayo katika machimbo ya makaa, hugusa ngozi ile ile ambayo kwayo anavuta pumzi.

Mchana hulala chini ya jiwe lake. Jiwe zuri kwake ni lile lililo pana kama meza, limelala bapa juu ya changarawe, na chini yake pana nafasi yenye mlango mmoja. Kila mmoja hukaa peke yake, naye humfukuza mwenziwe akijaribu kuingia. Ajabu moja ni kwamba ngozi yake huweza kuona mwanga, na hasa ngozi ya mkiani. Akiingia pangoni na kuacha ncha ya mkia nje, hujua bila kugeuka kwamba hajajificha vema.

Majira ya kutaga yakifika, yaani mnamo Septemba na Oktoba, dume mmoja mwenye nguvu hushika pango zuri na kulisafisha. Jike huingia, hutaga mayai yapata 200 na pengine zaidi, yaliyoungana kama ushanga katika uzi, kisha huenda zake. Dume huyatia mbegu, naye ndiye hubaki. Hulala mlangoni kichwa chake kikiwa nje, huwazuia maadui, hupunga maji kwa mwili wake ili mayai yapate hewa, na yai likifa hulila kabla halijaoza na kuharibu mengine. Mayai huanguliwa baada ya majuma mengi, lakini baba hakai kwa siku hizo tu. Watoto hubaki pangoni pamoja naye wakati wa baridi kuu, hata karibu na majira ya kuchipua majani. Ni wanyama wachache wa jamaa ya chura walio na malezi marefu namna hiyo, na hakuna anayetazamia kuyaona kwa mnyama mwenye sura kama ile.

Mtoto huchukua miaka mitano hata minane kabla hajawa mzazi. Lakini akiisha kukomaa, aweza kuishi miaka 25 au 30 na kuendelea. Maisha hayo marefu ni heri kwake, lakini yaliwadanganya watu. Fikiri kijiji ambacho watoto wote wanaozaliwa hufa. Mpita njia akipita leo ataona wazee barazani, akipita baada ya miaka kumi ataona wazee barazani, naye atasema kijiji ni kizima. Ndivyo ilivyokuwa katika mito mingi. Wavuvi waliendelea kuona helbenda wakubwa mmoja mmoja, wakadhani hakuna tatizo.

Waliogundua ukweli ni wale waliohesabu na kupima. Katika jimbo la Missouri, wataalamu walikuwa wamehesabu helbenda wa mito mitano katika miaka ya 1970 na 1980, wakaandika idadi na urefu wao katika daftari. Baada ya miaka yapata ishirini wengine wakarudi mito ile ile na kuhesabu tena. Habari zao zilichapishwa mwaka 2003. Kwa kadiri ya wastani, idadi ilikuwa imepungua kwa 77 katika kila 100. Tena waliobaki karibu wote walikuwa wakubwa, wadogo hawakuonekana. Kama wale wa kwanza wasingalitunza madaftari yao, hakuna mtu angaliweza kuthibitisha jambo hilo, na huenda mito ile ingalikwisha kuwa mitupu kabla ya mtu kushtuka.

Sababu za kupungua si moja. Misitu ya kando ya mito ilikatwa ili kupata mashamba na malisho. Mvua ikanyesha, udongo ukashuka mtoni, na tope likajaza nafasi zile za chini ya mawe. Kwa helbenda hilo ni sawasawa na mtu kuzibiwa mlango wa nyumba. Kuta kubwa za kuzuia maji zilijengwa, na mahali palipokuwa na mto wa kasi pakawa bwawa. Watu wengine waliwakamata wanyama hawa kwa siri na kuwauza kwa wafugaji wa wanyama wa ajabu. Tena likaja gonjwa la kuvu lishikalo ngozi za vyura na salamanda, ambalo limeua jamii nyingi za vyura katika mabara mbalimbali. Na kuna jambo moja dogo ambalo wengi hawalidhani kuwa kosa: watu wakienda kuoga mtoni siku za joto hupanga mawe kuwa kuta ndogo, au kuyajenga minara ya kuchezea. Jiwe likiinuliwa wakati wa mayai, kiota kimekwisha. Na likitupwa juu ya jiwe jingine, huenda limemponda aliye chini. Katika hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains kuhamisha mawe ya mtoni kumekatazwa kwa sheria.

Basi ndipo kazi ya mtaalamu wa elimu ya viumbe inapoanza. Watu wengine hudhani kwamba mtaalamu wa namna hii ni mtu wa kuvaa kanzu nyeupe na kuchungulia chupa. Wako wa hivyo, lakini mtaalamu wa helbenda hushinda siku nzima majini. Huvaa nguo nzito za mpira kwa ajili ya baridi, miwani ya kuzamia, na bomba la kuvutia pumzi, kisha hulala kifudifudi mtoni na kutambaa juu ya mawe akielekea juu, ili tope analolitibua lichukuliwe nyuma yake. Kazi hiyo huifanya pamoja na wenzake. Mmoja au wawili huinua ukingo wa jiwe kwa mtaimbo au kwa gogo lenye kulabu, polepole, wala hawaligeuzi. Mwingine hupeleka mkono gizani na kupapasa. Wa tatu husimama upande wa chini akiwa na wavu.

Mnyama akipatikana hupimwa urefu na uzito, na hutazamwa kama ana majeraha. Ngozi yake husuguliwa kwa pamba ili ijulikane kama ana lile gonjwa la kuvu. Kisha chini ya ngozi hutiwa kidude kidogo kiasi cha punje ya mpunga, chenye namba yake peke yake. Kidude hicho hakina nguvu ya umeme ndani yake. Hukaa kimya miaka yote, mpaka mtu apitishe juu yake chombo cha kusomea, ndipo hutoa namba. Kwa njia hiyo mtaalamu aweza kumtambua mnyama yule yule baada ya miaka mingi, na kujua amekua kiasi gani, na amehama au hakuhama. Mambo yakiisha kuandikwa, jiwe hurudishwa kwanza mahali pake, kisha mnyama huachiliwa karibu nalo ili aingie mwenyewe. Mfuatano huo haubadilishwi. Anayemwacha mnyama aingie kwanza na kushusha jiwe baadaye aweza kumwua kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo kuinua mawe kuna hatari, kwani jiwe lililokaa miaka mingi halirudi daima jinsi lilivyokuwa. Kwa hiyo zimetafutwa njia nyingine. Moja ni kuchota maji tu. Kila mnyama akaaye majini huacha vitu vyake vidogo visivyoonekana kwa macho, vya ngozi na ute, navyo vina alama ya ukoo wake. Mtaalamu huchuja maji ya mto katika karatasi maalumu, na karatasi hupelekwa chuoni kuchunguzwa. Ikiwa ina alama ya helbenda, basi yupo mahali fulani upande wa juu wa mto, ijapokuwa hakuna aliyemwona wala kumgusa.

Njia nyingine ni nyumba za kujengwa. Katika Missouri, Jeff Briggler, mtaalamu wa jimbo hilo, na wenzake walitengeneza viota vya zege vyenye umbo kama la kiatu cha buti: chumba kipana, mlango mrefu mwembamba kama pango, na kifuniko juu. Kiota huzikwa mtoni kati ya mawe, mlango ukielekea upande maji yaendako. Helbenda wamezikubali nyumba hizo. Mtaalamu hufunua kifuniko tu, huangalia kama kuna mayai, na kufunika tena, bila kuvunja makao ya mtu.

Nyumba za namna hiyo ndizo zilizoleta habari mpya kutoka Virginia. Huko William Hopkins na wenzake wa chuo kikuu cha Virginia Tech waliviangalia viota kwa muda wa miaka minane, katika mito iliyopita kati ya msitu na mito iliyopita kati ya mashamba. Walitaka kujua kwa nini watoto hawapatikani. Waliona kwamba majike walitaga kila mahali, hata katika mito mibaya, wala mayai hayakuwa machache. Lakini katika mito iliyokatwa miti, mababa wengi walikula mayai yao yote. Dume wa salamanda kula baadhi ya mayai si jambo geni. Pengine hula wakati wa njaa, au akiona mayai ni machache hayafai taabu ya miezi minane. Bali hapa jambo la nadra limekuwa desturi, nao ni wale wale mababa wanaosifiwa kwa ulinzi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2023. Maana yake ni kwamba mto huweza kuonekana safi kwa macho, wenye mayai na wenye wazazi, na bado usitoe mtoto hata mmoja. Wataalamu wanaendelea kuchunguza ni kitu gani hasa katika maji ya mashambani kimgeuzacho baba kuwa mlaji wa watoto wake. Lakini kinga inajulikana, nayo ni miti ya ukingoni.

Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mtaalamu haifanyiki mtoni kabisa, bali barazani kwa wakulima. Nchi ya kando ya mto mara nyingi ina mwenyewe, wala mtaalamu hana amri ya kumwambia mtu apande nini. Humtembelea, husikiliza shida zake, humwonyesha jinsi ukingo usio na miti unavyoporomoka kila mwaka na kupunguza shamba lake mwenyewe. Kisha humwomba aache ukanda wa miti kando ya maji, na atie ua ili ng'ombe wanywe mahali pamoja badala ya kuvuruga mto wote. Mkulima akikubali, samaki hufaidika, na ng'ombe hupata maji masafi. Huenda mkulima huyo asimwone helbenda maisha yake yote. Mtaalamu asiyejua kuzungumza na watu, hata awe hodari namna gani wa kuzamia, hataweza kazi hii.

Wakati huo huo haikufaa kungoja miti ikue, kwa maana wazee wa mtoni walikuwa wanakwisha. Katika vilima vya Ozark, vilivyo Missouri na Arkansas, kuna ukoo wa helbenda usiopatikana pengine popote duniani, na mwaka 2011 serikali ya Marekani iliuandika katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Bustani ya wanyama ya mji wa Saint Louis, pamoja na idara ya uhifadhi ya Missouri, walikuwa wamekwisha jaribu miaka mingi kuwazalisha. Walijenga mito ya kutengeneza, yenye maji ya baridi yaendayo, changarawe, mawe makubwa na viota. Waliyapima maji kila mara, wakayabadilisha baridi na joto yafuate majira ya mtoni. Hata hivyo miaka ilipita bila kupata mayai yenye uhai. Hatimaye mayai yenye uhai yalionekana, na Novemba 2011 watoto wakaanguliwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika dunia kwa helbenda wa Ozark kuzaa katika ulinzi wa watu.

Tangu hapo kazi ya malezi imekuwa kubwa. Mayai mengine huzaliwa bustanini, mengine huchukuliwa mtoni kabla hayajapotea. Watoto hulelewa katika vyombo vya maji ya baridi, hulishwa minyoo midogo, na baadaye kamba. Kila siku lazima maji yasafishwe, na atumikaye chumba kimoja haruhusiwi kupeleka wavu wake chumba kingine, ili ugonjwa usienezwe. Hulelewa hivyo miaka kadhaa, mpaka wawe wakubwa kiasi cha kuwashinda samaki waliao watoto, ndipo hutiwa namba na kupelekwa katika mito ya wazazi wao. Maelfu wamekwisha rudishwa katika mito ya Missouri. Si wote wanaopona. Aliyekulia katika chombo hajui mafuriko, wala hajapata kukutana na fisi-maji. Katika jimbo la Indiana, ambako helbenda wamebaki katika Blue River tu, watu wa chuo kikuu cha Purdue nao huwalea na kuwarudisha, wakiwafuatia kuona ni wangapi wanaoishi, ili mwaka ujao wajue namna bora.

Kazi ya jinsi hii haikufanyika kwa salamanda peke yake. Katika Tanzania, kwenye maporomoko ya mto Kihansi, alikuwako chura mdogo sana wa rangi ya manjano, azaaye watoto badala ya kutaga, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko hayo na si mahali pengine. Mto ulipozuiwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakapungua. Baadaye lile gonjwa la kuvu likaonekana pia. Mwaka 2000 vyura yapata 500 walipelekwa Marekani kulelewa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo hata mmoja, na mwaka 2012 wa kwanza wakaanza kurudishwa Kihansi, kwenye manyunyu yanayotolewa kwa mabomba. Bustani ya wanyama ya Toledo, iliyokuwa mojawapo ya mahali walipolelewa vyura hao wa Tanzania, ndiyo hiyo hiyo iliyolea pia helbenda wa mito ya jimbo la Ohio.

Wanafunzi nao wameshiriki. Katika jimbo la Pennsylvania, kikundi cha wanafunzi wa shule waliojifunza habari za mito walishughulika kuanzia mwaka 2017 kuomba helbenda awekwe kuwa alama ya jimbo lao, kama vile nchi nyingine zinavyoweka simba au tai. Waliandika barua, wakaenda kwenye baraza la wabunge kueleza. Mara ya kwanza shauri halikupita. Hawakukata tamaa, wakaanza tena, na mwezi wa Aprili 2019 gavana Tom Wolf alitia sahihi sheria. Sheria hiyo haikupanda mti hata mmoja, ni kweli. Lakini mnyama aliyeuawa na mababu kwa kudhaniwa ana sumu sasa ni alama ya jimbo, na kila mtoto wa Pennsylvania anayejifunza alama za jimbo lake hulisoma jina lake.

Hatari haijapita. Wataalamu wa serikali walipokusanya habari za helbenda wa mashariki, waliona kwamba makundi yaliyopata kujulikana yalikuwa 626, na yaliyobaki ni 371. Tena mengi ya hayo yanaendelea kupungua. Desemba 2024 serikali ilitoa shauri kwamba helbenda wa mashariki pia aandikwe katika orodha ya walio hatarini. Miezi mitatu kabla ya hapo, Septemba 2024, tufani iliyoitwa Helene ilinyesha mvua kubwa mno juu ya milima ya North Carolina, mahali palipohesabiwa kuwa mojawapo ya makao yao bora. Mito ilipasua kingo, mawe makubwa yakasukumwa kama kokoto, na helbenda wengine wakaokotwa mbali na mto, katika matope. Ilikuwa majira yale yale ya mayai.

Mwaka mmoja kabla ya tufani hiyo, mwaka 2023, wapiga mbizi wa Missouri walikuwa katika mto wao mmoja wakikagua viota. Katika pango moja walimkuta dume analinda mayai, kichwa chake kikiwa mlangoni. Huyu hakuwa mzaliwa wa mtoni. Alikuwa amelelewa na watu katika bustani ya Saint Louis, akaachiliwa, akapona mafuriko na maadui, akajitafutia jiwe. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana helbenda wa Ozark aliyelelewa na watu akizaa mwenyewe porini. Walikwisha kumtambua, wakamwacha na mayai yake.